Oili Niliyomwachia

Jioni ile nilitaka oili tu. Nibadilishe oili ya pikipiki, nifike nyumbani, nimchukue mke wangu nimpeleke hospitali.

Ilikuwa mwaka wa 2009, ule wa kiangazi kilichomaliza ng'ombe wa watu Kajiado nzima. Barabara ya kutoka Kitengela kwenda machimbo ya mawe, ambako tulikuwa tumepanga chumba, ilinuka mizoga mpaka unafunga pua kwa kitambaa. Kavutha alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili zilikuwa zimetoka kabla ya hiyo, na hii ya tatu tuliitunza kama yai. Alasiri hiyo alinipigia simu akasema tumbo linamkaza, kisha simu yake ikaisha chaji.

Ningeenda moja kwa moja, lakini injini ilikuwa inagonga. Ka-ka-ka-ka... Oili ilikuwa nyeusi tii, nyepesi kama maji. Injini ikishika na kuzima katikati ya nyika, na mama mjamzito yuko nyuma, utamlilia nani? Kavutha mwenyewe alikuwa ameuzoea mlio ule. Akiusikia kutoka mbali anajua ni mimi, anaweka chai motoni.

Mohamednur, niliyekuwa nikinunua oili kwake siku zote, alikuwa anashusha mlango wa duka.

"Maundu, wacha niswali Maghrib. Narudi saa hii."

"Niko na mgonjwa nyumbani."

"Ndio nakwambia ungoje. Hizo za kupimiwa barabarani usiweke. Hujui zimetoka kwa injini ya nani."

Niliona ni mfanyabiashara anayelinda mteja wake. Nikapiga kiki nikaondoka.

Pale lami inapoishia, alikuwepo mzee ameketi juu ya jiwe la kujengea. Mbele yake palikuwa na chupa tatu na karai. Sikuwahi kumwona hapo, na hapo napita kila siku. Lakini mtu mwenye haraka haulizi mengi. Nikasimama.

Mzee akainama chini ya injini. Alilegeza nati ya chini, oili ikaanza kuteremka kwenye karai. Jua lilikuwa linazama upande wa Ngong, na upepo ulikuwa umetulia kabisa.

"Chagua," akanong'ona.

"Si wewe ndio fundi?"

"Pikipiki ni yako. Nusa."

Chupa ya kwanza ilinuka maziwa yaliyoharibika. Ya pili ilinuka udongo, ule unaotoka chini kabisa kaburi likichimbwa. Ya tatu... haikunuka kitu. Nimefanya kazi ya pikipiki miaka mingi, na sijawahi kukutana na oili isiyonuka. Nikaichagua hiyo, nikijiona mjanja.

"Umechagua vizuri," akasema. "Hiyo haina mtu."

Nilicheka kidogo. Wazee wengine hupenda maneno. Akakaza nati, akaimimina kwenye injini.

Sasa, oili chafu huachwa kwa fundi. Ndiyo desturi yetu. Yeye huwauzia watu wa kupaka nguzo za ua, zisiliwe na mchwa. Hakuna fundi anayeuliza wala mteja anayejibu. Ukishawekewa mpya, unaenda zako. Lakini huyu aliuliza.

"Hii unaniachia?"

"Chukua, mzee."

"Sema ni yangu."

"Ni yako."

Alichovya kidole kwenye karai. Akakiweka kwenye ulimi. Akafumba macho.

"Imebeba mama," akanong'ona. "Na mtoto."

Nilitoa pesa, lakini alikuwa amenipa mgongo, amelikumbatia lile karai. Nikaziacha juu ya jiwe nikaondoka.

Na pikipiki, jamani, ilikuwa tamu. Haikugonga hata kidogo. Ilikuwa kimya mpaka nikasikia mawe madogo yakiruka chini ya tairi. Moyo ulianza kurudi mahali pake.

Kisha nikasikia nyuma yangu.

Ka-ka-ka-ka...

Niligeuka. Hakukuwa na taa wala vumbi. Ni ile barabara tu, na miti ya miiba pande zote mbili. Nikaongeza mafuta. Mlio ukaongezeka. Ulikuwa mlio wangu, na mtu hawezi kukosa kuujua mlio wa injini yake mwenyewe. Ulinikaribia, ukafika ubavuni, ukanipita mkono wa kulia. Harufu ya oili iliyoungua ilinijaa mdomoni. Sikuona kitu.

Ukaenda mbele, kuelekea kwangu nyumbani.

Sitakudanganya, nilisimama. Nilikaa pale hadi nikakumbuka ni nani anayeungoja mlio ule.

Nilipofika, mlango ulikuwa wazi na taa ya chemni ilikuwa inawaka. Mkoba wa nguo za mtoto haukuwepo kitandani. Mama Shiro, jirani yetu, alitoka na mwiko mkononi.

"Maundu? Umesahau nini?"

"Kavutha yuko wapi?"

"Si umemchukua saa hii?" Alinitazama vizuri, sauti ikashuka. "Nimesikia pikipiki yako. Akasema umefika, akatoka."

Sijui nilivyorudi Kitengela. Pale lami inapoanzia hapakuwa na mzee wala karai. Nilifika getini pa hospitali nikiita jina lake kama mwendawazimu.

Alikuwepo.

Hai. Alikuwa ameshaingizwa ndani. Nesi alinigombeza, eti namna gani nimemshusha mke wangu getini na kuondoka bila hata kumshika mkono. Kisha akasema tungechelewa kidogo tu, mtoto asingepatikana. Asubuhi nikaonyeshwa msichana mdogo mwenye ngumi zimekunjwa. Nililia mbele ya watu, na sikuona haya.

"Mbona hukuongea njiani?" Kavutha aliniuliza. "Na mgongo wako ulikuwa baridi hivyo."

"Sikusema kitu?"

"Mara moja tu, hapo getini. Uliniuliza, 'Huyu mtoto ni wangu?'" Akacheka, amechoka. "Swali gani hilo, na mimi nakufa na uchungu? Nikakwambia ni wako. Ukaniambia nirudie. Nikarudia."

Nilimwendea Mohamednur. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga duka mchana kweupe. Aliniambia zamani palikuwa na fundi pale lami inapoishia, kabla sijahamia Kitengela. Siku moja alimbeba mke wake aliyeshikwa na uchungu, injini ikashika kwa sababu ya oili mbovu, wakalala njiani. Mke hakufika. Mtoto hakufika. Fundi naye hakuna aliyejua alikoelekea.

"Huyo ndiye niliyemwona?"

"Mimi sijui, Maundu. Mungu ndiye anajua. Mtoto umempa jina?"

Tulimpa jina, tukahama, nikauza pikipiki. Sasa anasoma, ana afya, na ana maneno kuliko mama yake. Hakuna aliyekuja kumdai. Kila jioni mimi ndiye ninayefunga mlango, na pikipiki ikisimama nje, ninatoka kwanza nione uso wa mwenye nayo.

Kavutha sijamwambia. Anaamini mpaka leo kwamba ni mimi niliyempeleka.