Nani Alichukua Watoto wa Samaki?

Marcelline alikuwa mwanamke msafi kupita kiasi. Kila asubuhi alifagia ua, akasugua sufuria mpaka zikang'aa. Pale Kadutu, mtaa wao wa Bukavu, wake za makarani walijifunza kazi za nyumba katika foyer, shule ya akina mama. Kila Alhamisi mwalimu wao alipita nyumba kwa nyumba kuangalia usafi. Mwaka huo, 1957, Marcelline alitaka asifiwe kuliko wote.

Lakini Alhamisi moja, kwa jirani yake Adolphine mwalimu alikawia. Adolphine alifuga samaki wadogo, waitwao gupi, katika sanduku la kioo. Mwalimu aliinama, akawatazama, akacheka kwa furaha. Kwa Marcelline alitazama sufuria tu, akaaga. Wivu ulimshika Marcelline. Siku hiyo hakula.

"Papa Déo," alimwambia mumewe Déogratias, "nataka samaki. Ipite ya Adolphine!"

"Juu ya nini ipite?" Déogratias aliuliza sababu.

"Weye tafuta tu."

Fundi wa madirisha aliwatengenezea sanduku la kioo. Papa Bulonza, mtunza bustani wa nyumba moja kubwa ya mtaa wa Ibanda, ndiye aliyempa Adolphine samaki. Akawapa na wao: dume mmoja mwenye mkia wa rangi, majike watatu, na fungu la majani ya maji.

Majani Marcelline aliyatupa siku ileile. Uchafu wa nini ndani ya kioo? Kila asubuhi alimwaga maji yote, akasugua kioo kwa sabuni, akajaza maji ya bomba. Kioo kiling'aa kweli. Majike wawili wakafa.

"Adolphine alipewa bazuri, miye bagonjwa," alinung'unika.

Jike aliyebaki alikuwa na tumbo kubwa. Asubuhi moja Marcelline aliona vitu vidogo vyenye macho meusi vikiogelea. Watoto wanane! Gupi hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai. Marcelline alikwenda foyer akijisifu njia nzima.

Aliporudi adhuhuri, hakukuta hata mtoto mmoja. Tena binti yake alimwambia kwamba Adolphine aliingia mle ndani kuomba moto. Alikimbia kwa Adolphine, akachungulia sanduku lake. Watoto wa gupi walijaa katikati ya majani.

"Mwizi! Uliiba batoto ba samaki yangu!"

Wanawake waliokuwa bombani walikuja mbio.

"Miye, Marcelline?" Adolphine alisema. "Miye marraine wa mutoto yako?"

Marraine ni mama wa ubatizo. Jumapili iliyofuata Adolphine alikuwa amsimamie Rosalie, binti wa Marcelline, kwenye komunyo ya kwanza.

"Usikuje Jumapili!" Marcelline alipiga kelele. "Rosalie atapata marraine mwengine!"

Adolphine aliingia ndani, akalia.

Kesho yake Déogratias alimwita Papa Bulonza. Mzee alitazama dume na jike ndani ya kile kioo kisafi.

"Maman Marcelline, majani iko wapi?"

"Nilitupa. Ilikuwa uchafu."

Bulonza alikuwa na watoto wawili wa gupi kwenye kopo. Akawatia ndani ya sanduku. Dume alimeza mmoja papo hapo. Jike akameza wa pili.

"Umeona? Mama yao njo alibakula, yeye mwenyewe. Gupi hajue mutoto yake. Majani njo nyumba ya batoto, banajificha mule."

Marcelline alikaa chini. Aliona aibu, aibu kubwa.

"Na bale bakubwa bawili balikufa?"

"Sabuni njo ilibaua. Usitie sabuni hata kidogo. Maji ya bomba, acha ilale siku moja mu ndoo. Kila wiki ondoa robo tu, utie ingine. Chakula kidogo, ile banamaliza mara moja. Na usiweke sanduku kwa dirisha, baridi itabaua."

Jumamosi Marcelline alikwenda bombani. Wanawake walewale walikuwapo, na Adolphine.

"Adolphine hakuiba kitu," alisema kwa sauti. "Miye nilikuwa na wivu. Unisamehe."

Adolphine alijaza ndoo yake, akaenda zake. Lakini Jumapili alifika kanisani mapema, akamshika Rosalie mkono.

"Sikukuja juu yako," alimwambia Marcelline. "Nilikuja juu ya mutoto."

Marcelline alimwomba Papa Bulonza majani mengine. Akafuata yote aliyofundishwa. Baada ya wiki nne hivi jike alizaa tena, na watoto wakajificha. Siku ya tatu bado walikuwa hai. Marcelline alimwita Adolphine, akamvuta ndani kwa mkono.

"Hesabu weye mwenyewe."

Adolphine alihesabu polepole. "Kumi na moja. Bazuri kweli. Kwangu beko kumi na nne."

Marcelline aliwahesabu tena wake.

"Adolphine, wivu inanishika tena."

"Nimeona," Adolphine alijibu. Akavuta kiti, akakaa.