Kaseti Iliyokatwa kwa Makasi

Kaseti ilikuwa imefika mwisho, lakini mlio haukukoma.

Cheptanui alidhani ni redio inayosumbua, akaizima. Ule mlio mkali, kama msumari unaokwaruzwa kwenye bati, ukaendelea bado, tena haukutoka kwenye spika bali upande wa jikoni. Kisha ukanyamaza wenyewe. Akasema ni panya, akaendelea na kazi yake.

Mwanamke huyu alifundisha kompyuta katika shule moja ya upili huko Molo, ila moyo wake ulikuwa kwenye mashine kuukuu: zile kompyuta ndogo za nyumbani za miaka ya themanini, zinazounganishwa na televisheni, ambazo programu zake huwekwa kwenye kaseti kama za nyimbo. Ukiicheza kaseti hiyo husikii wimbo. Unasikia mlio tu, na kompyuta inausikiliza mlio ule na kuugeuza kuwa programu. Utepe ukioza, programu imekufa, na hakuna atakayejua kama iliwahi kuwepo. Cheptanui alizinakili moja baada ya nyingine, akazitunza.

"Mimi ni kama mchimba kaburi," alikuwa akimtania mumewe, "tofauti ni kwamba wangu nawatoa."

Mume huyo, Kemboi, alikuwa dereva wa lori. Ndiye aliyeileta kompyuta aliyokuwa akiishughulikia Cheptanui siku hiyo. Alikuwa amemhamishia vyombo mjane mmoja wa Njoro aitwaye Wachuka, na mjane akamsukumia boksi bure, upesi, kama mtu anayetupa kaa la moto. Ndani mlikuwa na mashine, nyaya, na kaseti moja isiyo na jina. Utepe wake ulikuwa umekatwa kwa makasi karibu na mwisho. Cheptanui akauunga kwa gundi ya karatasi, akaona amefanya la maana.

Mara ya kwanza programu ilisomeka nusu, skrini ikaandika kwamba kuna hitilafu. Jioni hiyo nyumba ikanuka maua ya pareto yaliyokauka, harufu ya kukereketa koo, ilhali shamba lao lilikuwa la viazi na njegere tupu. Akasafisha kichwa cha redio kinachosoma utepe kwa spiriti, akarudia. Programu ikasonga mbele kidogo kabla ya kugoma, na asubuhi wakasikia nyayo darini. Zilikuwa nyayo za kitu kinachojifunza kutembea: hatua, kishindo cha kuanguka, kimya, hatua tena. Akakaza skrubu ya kichwa hicho, akarudia. Siku iliyofuata, Kemboi akinywa chai mezani, mchana kweupe, alikabwa ghafla kwa nyuma. Kikombe kilivunjika. Alipogeuka hapakuwa na mtu, lakini shingoni mwake palibaki alama za vidole, vyembamba, virefu kupita vya binadamu.

"Che," alinong'ona, hata hakuthubutu kuinua sauti ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Kila ukisongesha hiyo kitu yako, hii nyumba inapata mtu."

"Imebaki kidogo tu, Kemboi. Kidogo sana."

"Iko na miguu. Iko na mikono. Sasa hicho kidogo kimebaki ni nini?"

Cheptanui akatoka nje hadi kwenye boma la ng'ombe, akampigia Wachuka simu.

"Usiniambie umeiunga," mjane alisema kabla hata ya salamu.

"Niliiunga, mama."

"Mzee wangu ndiye aliikata. Aliikata ikiwa imebaki sauti peke yake. Hilo jini lilikuwa linataka kuongea, msichana wangu. Mzee alilinyima sauti, nalo likamnyonga."

"Na mbona ukatupatia sisi?"

"Nilijaribu kuichoma. Kila nikiitia moto, ni mkono wangu ulikuwa unaungua. Nisamehe." Simu ikakatwa.

Kesho yake wakamleta Edinah Nakhumicha, mama wa maombi kutoka Elburgon, aliyejulikana kwa kufukuza majini kwenye nyumba ambazo wachungaji walizitoroka. Alifika na kitambaa cheupe kichwani na Biblia kwapani. Alinusa mlangoni, akatema mate chini.

"Halijazoea mwili," alisema kwa sauti ya chini. "Limejificha kwa huo mlio kama fukusi ndani ya mahindi. Moto hauliwezi likiwa humo. Hiyo redio yenu inarekodi?"

"Inarekodi," Cheptanui alijibu.

"Basi tutaimba juu yake. Wimbo ukiingia, mlio unafutika, halafu tunachoma. Zaburi haliwezi kuishika, lakini wewe na bwanako mfunge mdomo. Halina sauti. Likipata yenu, msiniite tena."

Cheptanui akabonyeza kitufe cha kurekodi, akasogeza maikrofoni. Edinah akaanza kuimba zaburi, polepole, macho ameyafumba. Televisheni ikawaka yenyewe. Harufu ya pareto ikajaa chumbani hata machozi yakawatoka, na nyayo zikashuka kutoka darini zikapita kwenye ukuta kama vile ukuta ni sakafu, zikimzunguka mama yule aliyekuwa akiimba bila kutetereka, zikamwacha, zikamwendea Cheptanui, zikasimama mbele yake karibu kiasi kwamba alihisi baridi ya kitu kile usoni, naye akauma mdomo hadi ukatoka damu lakini hakusema neno, ndipo zikageuka zikamwendea Kemboi, na kiti alichokalia kikainuliwa na yeye juu yake, miguu yake ikapiga hewa, shingo ikapinda upande, na alama zile za vidole zikaanza kuzama upya kwenye nyama yake mbele ya macho ya mkewe.

"Kemboi!"

Jina lilimtoka kabla hajajua. Papo hapo kiti kikaanguka. Utepe ukakatika ndani ya redio, televisheni ikazimika, harufu ikaondoka kama imefutwa kwa kitambaa. Kemboi alikuwa sakafuni, anakohoa, mzima.

Edinah hakushangilia. Alimgeukia Cheptanui. "Umeita?"

"Jina lake tu."

"Jina tu." Mama akatikisa kichwa. Walichoma kaseti kwenye jiko, ikaungua kama plastiki yoyote ile, na hakuna mkono ulioumia. Edinah akawaombea, akakataa chai, akaondoka kabla jua halijaanza kushuka.

Nyumba ikatulia. Cheptanui akaitoa ile kompyuta, akaizika nyuma ya choo. Kemboi akaanza tena kupiga mluzi akinyoa ndevu. Wiki zikapita.

Ikaja siku ya ukungu, ule ukungu wa Molo unaofunika mpaka ua. Cheptanui alikuwa shambani akichuma njegere. Alimsikia mumewe upande wa lori akisugua magurudumu, anajiimbia. Ndipo ndani ya nyumba, ambamo hamkuwa na mtu, sauti ya mwanamke ikaita.

"Kemboi!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Njegere zikamwagika.

"Nakuja," Kemboi akajibu, na ndoo ikagonga chini.

Cheptanui akakimbia kuelekea huko, hamuoni, anajikwaa kwenye matuta. Akajua kwamba akiita jina mumewe hatatofautisha, kwa maana kitu kile kilikuwa na jina hilo peke yake. Akapaza sauti kwa nguvu zake zote: "Usiingie ndani! Niko huku shambani! Ni mimi Cheptanui!"

Nyayo za Kemboi zikasimama. "Che? Uko wapi?"

Kukawa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza na kuyashika maneno. Kisha kutoka jikoni, kwa sauti ileile, yenye pumzi ileile ya kukimbia:

"Usiingie huku shambani. Ni mimi Cheptanui. Niko ndani."

"Kemboi, hapana!" alipiga yowe.

"Kemboi, hapana," ile nyingine ikasema, kwa upole, kama mke.

Akasikia buti za mpira za mumewe zikipanda baraza la mbao, na mlango ukifungwa nyuma yake.