Dakika Tano za Kutuliza Moyo

"Mia na kumi na nane!"

Nesi alitamka namba hiyo vidole vyake vikiwa bado kwenye mkono wa dereva. Akamtazama usoni kwa matumaini.

"Usinitazame hivyo. Lifti imekufa, nimepanda ghorofa tatu kwa miguu."

"Basi kaa dakika tano nikupime tena. Fomu ya udereva wa basi la shule haipokei mapigo ya mbio."

Dereva akakaa. Miezi minne iliyopita huyu alikuwa mchumba wa Nesi, hadi Nesi alipomtumia ujumbe: "Ukinikaribia tu natetemeka, jasho linanitoka, moyo unakimbia. Mwili wangu unakuogopa, na mwili haudanganyi. Usije tena."

"Nilikuwa naumwa," Nesi akasema. "Tezi ya shingo. Hata nikiwa peke yangu jikoni moyo ulikuwa ukinienda mbio. Ila ukiwepo wewe, nilikuwa na wa kumsingizia."

"Wewe? Unayepima watu kutwa kucha?"

"Mganga hajigangi."

"Usiniletee methali!" Kisha akashusha sauti. "Unajua mimi nilifanya nini? Nilijichunguza. Nimemtisha kwa lipi? Nikawa naongea kwa kunong'ona, hadi watoto wa dada wakaniuliza, 'Mjomba, sauti umeiacha wapi?'"

Nesi akauma mdomo.

"Nisamehe, mwenzangu. Turudiane."

"Kusamehe nimeshasamehe. Lakini siku moyo ukikimbia tena, kwa homa au kwa kahawa, nani atasomewa mashtaka kama si mimi?"

Nesi akatazama saa ya ukutani. Dakika tano zikawa zimekwisha. Akamshika mkono tena, na safari hii akahesabu dakika nzima, wakati nusu ingetosha. Alikuwa akiyaomba yale mapigo yakimbie.

Sabini na mbili.

"Kweli zilikuwa ngazi," akasema, akaandika.

"Nilikwambia." Dereva akakunja fomu yake. "Jitunze, Nesi."

Nesi. Mtu aliyezoea kumwita "mama wa wanangu" hata kabla ya ndoa.

Mlango ulipofungwa, alijishika mkono mwenyewe, macho kwenye saa ya ukutani. Dawa alikuwa amemeza asubuhi, na daktari alishathibitisha kuwa tezi imetulia.

Mia na ishirini na sita.

Na tangu asubuhi hakuwa amenyanyuka kwenye kiti chake.