Mlango wa Sanduku la Baridi

Kila asubuhi Mwatima alifagia uwanja, akawasha moto, akachemsha sindano ya mwanawe Zubeda. Watoto wengine wa kijiji cha Kanga walianza siku kwa uji. Zubeda alianza kwa sindano, ndipo uji ukafuata. Jioni alipigwa nyingine. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikwisha kuzoea.

Zubeda alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari wa Kilindoni aliwaeleza wazazi wake bila kuzunguka. Mwili wa mtoto huyu hautengenezi insulini, alisema. Lazima apewe kwa sindano kila siku. Akikosa, atakufa. Tena dawa hiyo haivumilii joto, lazima ikae mahali pa baridi.

Baridi ya kuhifadhia dawa ingetoka wapi, katika kisiwa ambako hata maji ya mtungini hupata uvuguvugu mchana? Ilitoka kwa Mzungu mpima ardhi. Ameir, mume wa Mwatima, alikuwa dereva wake. Mzungu huyo alikuwa na gari lenye nyumba mgongoni, na ndani yake kitanda, meza na friji. Injini ilipokufa, akarudi kwao, akamwachia Ameir gari lote. Watu walicheka. "Ameir kapewa kaburi la chuma," walisema. Gari lilikaa nyuma ya nyumba, na friji lake likatunza dawa ya Zubeda.

Mwatima hakulipenda friji lile hata kidogo. Lilikuwa sanduku refu lenye fremu ya mbao, jeupe kama sanda. Chini lilikuwa na taa ya mafuta yenye mwali wa buluu. Juu lilikuwa na baridi ya kuumiza vidole. Moto unawezaje kuzaa baridi? Na ndani ya ukuta wake kulikuwa na sauti kama ya mtu anayemeza mate. Glu. Kisha kimya. Kisha tena, glu. Kwa hiyo kazi ya kutoa dawa alimwachia Ameir, na yeye mwenyewe akajifanya ana kazi nyingi jikoni.

Siku moja baada ya adhuhuri, Mwatima aliingia garini kuchukua ndoo. Akakuta mlango wa friji uko wazi. Ameir alikuwa kazini, akiendesha lori la nazi. Zubeda alikuwa amelala barazani.

"Nani kafungua?" Mwatima aliuliza.

Aliusukuma mlango kwa kiwiko, ukafunga. Alipogeuka kutoka, akasikia mlio nyuma yake. Kriii. Mlango ulikuwa unafunguka polepole, peke yake, mpaka ukasimama. Baridi ikamshukia miguuni. Mwatima aliiacha ndoo palepale akatoka.

Alimwambia mkwewe, Bi Biubwa, mama yake Ameir. Bi Biubwa alikuwa mtu wa kusema neno moja akalimaliza.

"Sanduku lina mwenyewe," alisema. "Mwenyewe anataka kutoka."

Basi Mwatima akatafutiwa hirizi, imeshonwa ndani ya kitambaa cheusi. Aliambiwa aiweke pale mlango unapozungukia, ili mwenyewe asipate njia. Akaipachika kwenye upenyo, upande wa bawaba. Mlango ukakataa kufunga. Mwatima akausukuma kwa nyonga, kwa nguvu zake zote. Kitu kikalia ndani ya mbao, kaa! Lakini ukafunga. Moyo wake ukatulia.

Haukutulia sana. Kesho yake mlango ulikuwa wazi tena, na safari hii umening'inia upande. Mwatima akaongeza kitambaa kingine. Jioni Ameir aliuona mlango umelegea, akaufunga kwa kamba ya usumba wa nazi. Kamba ilishika mlango. Baridi haikushikika.

Ndipo Zubeda akaanza kunywa maji. Alikunywa kata baada ya kata, na kiu haikuisha. Akakonda mpaka kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Akawa analala mchana kutwa. Na pumzi yake ikageuka. Ilinukia tamu, kama nanasi lililoiva likapita. Bi Biubwa aliinama kumbusu, akainuka upesi.

"Harufu hii si ya mtu," alisema.

Mwatima alikuwa akihesabu mambo hayo kimoyomoyo. Mlango ukifunguka zaidi, mtoto anazidi kuzama. Kilichomo sandukuni kinatoka, kinamnywa mwanawe, kinarudi. Na hapa niseme kweli, Mwatima hakuwa mjinga. Macho yake yaliona sawasawa. Mlango na ugonjwa vilikuwa vimefungamana. Ila hakujua ni kwa njia gani, na hofu ilimzuia kuuliza.

Ijumaa ile alikuja Shaabani, mjomba wa Ameir. Shaabani alikuwa mtunza taa katika mnara wa Ras Mkumbi. Maisha yake yote yalikuwa mafuta ya taa, tambi, vioo, na vyuma vinavyoliwa na chumvi ya bahari.

"Shikamoo, mjomba," alisema Mwatima.

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekushuka? Zubeda yuko wapi?"

Mwatima alimwonyesha. Shaabani alimwita mtoto mara mbili. Zubeda alifumbua macho kidogo, akayafumba. Shaabani hakuketi.

"Nionyesheni dawa yake."

Ameir alileta kichupa. Shaabani alikiinua kwenye mwanga.

"Dawa hii huwa hivi?"

"Huwa safi kama maji," alisema Ameir. Alikitazama vizuri. Ndani ya kichupa kulikuwa na ukungu. Ulikuwa unasogea polepole, kana kwamba kuna kitu kidogo kinapumua humo. Mwatima alirudi nyuma hatua moja.

"Ameharibu dawa," alinong'ona. "Mwenyewe ameharibu dawa."

"Aliyeiharibu tutamjua baadaye," alisema Shaabani. "Kwanza mtoto. Washa lori, Ameir. Mpelekeni Kilindoni sasa hivi. Habari za mlango zitangoja."

Wakaenda, Bi Biubwa pamoja nao; Shaabani akabaki. Njia nzima Mwatima alikuwa ameweka kiganja chake mbele ya pua ya mwanawe, kuhakikisha pumzi inatoka. Ile harufu tamu ikamjaa mkononi.

Hospitali daktari alimwekea Zubeda maji ya mshipa, akampa insulini isiyoharibika. Usiku ule ulikuwa mrefu. Alfajiri mtoto alifumbua macho akamwita mama yake kwa jina alilomwitia utotoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipoota meno ya ukubwani. Mwatima alilia mpaka muuguzi akamletea kiti.

"Dawa mliyompa ilikuwa imekufa kwa joto," daktari aliwaambia. "Mlikuwa mnamchoma maji tu. Mtoto akiwa na kiu isiyoisha, anakonda, analala hovyo, na pumzi inanukia matunda, msingoje siku ya pili. Mleteni hapa."

"Tutarudi naye lini?" aliuliza Ameir.

"Friji lenu likipona. Nikimrudisha kwenye friji lile, nitakuwa nimempeleka kaburini."

Bi Biubwa akabaki hospitali na mjukuu wake. Ameir na Mwatima wakarudi Kanga. Shaabani alikuwa anawangoja, na kisanduku chake cha zana kiko miguuni.

Jambo la kwanza alizima taa ya friji. Jambo la pili lilimshangaza Mwatima. Shaabani aliomba sahani, akaijaza maji, akaiweka sakafuni mwa gari. Maji yote yakakimbilia upande mmoja na kumwagika.

"Mnaona? Gari limeinama. Tairi la upande huu limeoza, limekaa mchangani. Friji nalo limeinama. Mlango unateremka wenyewe, kama nazi inavyoteremka mlimani."

"Hakuna anayeufungua?" aliuliza Mwatima.

"Mteremko ndio unaoufungua."

Waliinua gari kwa jeki, wakaweka mbao nene chini ya ekseli, kidogo kidogo, mpaka maji ya sahani yakatulia sawa pande zote. Kisha Shaabani akafungua kamba na kuushika mlango. Bawaba ya juu ilitoka yenyewe mkononi mwake. Nyuma yake vikaanguka vitambaa viwili vyeusi.

Ameir alivitazama, halafu akamtazama mkewe.

"Niliweka mimi," alisema Mwatima. "Hirizi. Nilitaka kumzuia asitoke."

Shaabani aliiokota hirizi kwa adabu, akaifuta vumbi, akampa.

"Mvike mtoto mkononi, mwanangu. Sina neno na hirizi. Lakini kitu chochote ukikibana upande wa bawaba, kisha ukausukuma mlango, unazing'oa skurubu. Ni sawa na kuzichokonoa kwa mtaimbo. Ulisikia mlio?"

"Nilisikia. Kaa!"

"Ndio mbao ilipopasuka. Chumvi ilikwisha kula skurubu, ukazimalizia."

Mwatima aliketi kwenye kitanda cha gari. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa ameupanua mlango aliotaka kuufunga. Alijisikia baridi, na friji lilikuwa limezimwa.

Wakaulaza mlango kitandani. Pango jeupe la friji likabaki wazi mbele yake. Glu, likameza. Mwatima akaruka.

"Mjomba, moto umezimwa. Nani huyo?"

"Ni maji ya friji lenyewe, yenye dawa ya ubaridi, yanashuka kwenye mabomba. Moto ukiwaka unayachemsha, yanapanda. Yakishuka na kupoa, yanachukua joto la ndani na kulitupa nje. Weka mkono nyuma ya friji."

Alisita, akaweka. Nyuma palikuwa na joto bado.

"Joto hilo ndilo lililotolewa ndani," alisema Shaabani. "Moto hauzai baridi. Unahamisha joto. Friji likiinama, maji hayo hukwama, na ubaridi unakwisha."

Mwatima aliuondoa mkono taratibu. Maelezo yale yalimtisha karibu sawa na jini. Tofauti ni kwamba jini hakuwahi kumweleza kitu.

"Tutie skurubu nene zaidi, tumalize," alisema Ameir.

"Zitapasua mbao. Kwanza tuzibe matundu. Mwatima, una kisu kikali?"

Kazi hiyo ikawa yake. Alichonga vijiti vya mti mgumu mkavu, vyembamba mbele, vinene nyuma. Alichonga na kukumbuka kiganja chake mbele ya pua ya Zubeda. Kila kijiti alikipima tunduni, kikilegea alikitupa. Shaabani alivipaka gundi, akavigonga mpaka vikakaza, akakata vichwa vyake sawa na mbao.

"Leo hatugusi tena," alisema. "Gundi ikauke."

Siku ya pili alisugua bawaba kwa msasa, akaitia mafuta. Alitoboa vitundu vidogo katikati ya vijiti, akatoa skurubu mpya za shaba.

"Pwani msitumie za chuma. Chumvi itazila tena."

Mwatima na Ameir waliushika mlango juu. Shaabani alitia skurubu zote kwanza bila kuzikaza. Alipoona mlango umekaa wima, ndipo akazikaza moja moja. Kisha akamwomba Mwatima kipande cha karatasi, wakakibana mlangoni.

"Kivute."

Alivuta. Karatasi ilikataa, ikatoka kwa shida.

"Mpira wa mlango umeshika. Jaribu pande zote. Karatasi ikitoka kirahisi, ujue joto nalo linaingia kirahisi."

Pande zote zilishika. Wakawasha taa, mwali ukawa wa buluu bila moshi. Shaabani aliwaagiza waache dirisha la gari wazi, kwani hewa ya taa ikijaa ndani huua watu kimyakimya. Asubuhi Ameir aliingiza mkono ndani ya friji, akautoa, akauweka shavuni mwa mkewe. Mwatima alicheka na kulia kwa pamoja.

Zubeda akarudi nyumbani. Unene ukaanza kumrudia, na ukaidi ukarudi kabla ya unene. Mwatima alipima gari kwa sahani ya maji kila mwezi. Lakini dawa bado alimwachia Ameir aitoe, na akipita karibu na friji alisema bismillahi. Hilo hakuna aliyemlaumu.

Alasiri moja Ameir alichelewa kurudi. Mwatima alikuwa anakuna nazi. Uwanja ulikuwa kimya. Kutoka garini akasikia mlango wa friji ukifunguka.

Kifuu cha nazi kilimponyoka. Skurubu ni mpya, alijiambia. Gari limesimama sawa. Karatasi ilishika. Hakuna mteremko. Basi ni nani? Akainuka, na safari hii hakukimbia. Alikwenda mpaka mlangoni mwa gari.

"Nani humo?" aliuliza.

Glu, friji likajibu.

Mwatima akapanda. Mwanawe alikuwa amesimama mbele ya sanduku jeupe, kichupa cha dawa kiko viganjani, anakipasha joto kidogo kama muuguzi alivyomfundisha.

"Saa ya sindano imefika, mama," alisema Zubeda. "Nimeona baba kachelewa, nikafungua mwenyewe."