Sentimita Kumi na Sita

"Fundi, furushi lako limezidi kilo sita," alisema kijana wa kaunta ya mizigo ya uwanja wa ndege, foleni ikinung'unika kuanzia mlangoni. "Umefunga mawe?"

"Magauni ya harusi. Bibi harusi wa watu kajaaliwa mwili, mimi nina kosa gani?"

Kijana akaangua kicheko. Shati lake jeupe lilinyooka kwa pasi, ila kola ilikuwa imefumuka. Fundi aliiona kola kabla ya kuiona sura. Wiki iliyofuata alileta furushi jingine pamoja na sindano, akaishona palepale kauntani. Tangu hapo akawa anamwita Bwana Mizani.

Wakapendana, mwaka ukapita kwa raha. Halafu jana Bwana Mizani akafika dukani na habari ya uhamisho: uwanja mwingine, nchi nyingine, kesho yake asubuhi. Fundi hakumpa nafasi ya kumaliza.

"Nenda salama. Na usinipigie tena."

Ndege iliondoka saa nne. Saa nne na dakika tano hasira zilikuwa zimekwisha, ikabaki hofu tupu. Fundi alizoea kutuma magauni kwa ndege. Kupanda mwenyewe, hathubutu. Aliikabili ramani ya ukutani, akanyoosha futi yake ya kupimia toka uwanja hadi uwanja. Sentimita kumi na sita. Kila sentimita kilomita mia, na ndege hukimbia kilomita mia nane kwa saa. Bwana Mizani mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Saa mbili kamili. Saa sita atakuwa ameshatua.

Saa sita akapiga. Haipatikani. Saa sita na robo, haipatikani. Akajichoma sindano, damu ikadondokea satini ya mteja, wala hakuiona.

"Shangazi, ndege imeanguka."

"Usituletee uchuro!" alifoka shangazi yake, mwenye duka. Lakini mwenyewe aliinuka akazima redio, asije akasikia habari.

Saa saba kasorobo akapiga tena; simu ikaita, ikapokelewa.

"Si ulisema nisikupigie?"

Fundi akalia kwa sauti. "Uko wapi wewe? Saa mbili zimepita! Nimepima!"

"Umepima na nini?"

"Na futi."

"Mpenzi wangu, ndege hainyooki kama futi yako. Tumekwepa dhoruba, tukazungushwa angani kungoja zamu ya kutua." Sauti ikashuka. "Tumetikiswa mpaka jirani yangu akaanza kusali. Niliogopa, Fundi. Niliogopa kufa kabla sijamaliza ulichonikatiza jana."

"Kitu gani?"

"Kwamba tunahama wote wawili. Gauni linalofuata, lishone kwa vipimo vyako."

"Mimi nipande ndege?"

"Nitakuja kukuchukua. Nitakushika mkono njia nzima, saa mbili na dakika arobaini na tano."

Shangazi, aliyekuwa amesikia kila neno, akaichukua futi pale kwenye ramani.

"Nyoosha mikono," akasema.

Fundi akaibana simu begani, akanyoosha mikono.