Kila Mtu na Mashua Yake

Stesheni ya Entroncamento, nchini Ureno, ilifurika watu siku ya Mtakatifu Antonio. Iolanda alishuka kwenye treni ya Lisbon akiwa na gauni jekundu la madoadoa, raba nyeupe, na chungu cha rihani alichomletea shangazi yake. Kijana mmoja mwenye ovaroli iliyojaa grisi akasimama mbele yake na kutumbukiza pua kwenye majani.

"Wewe! Toa pua!" Iolanda alimaka. "Rihani hunuswa kwa kiganja, la sivyo inanyauka. Kwenu hawakukufundisha?"

"Walinifundisha. Lakini ningenusa kwa kiganja ungenisemesha?"

Iolanda alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Kijana aliitwa Telmo, fundi wa injini za treni. Shangazi alipofika kumpokea mgeni wake, wawili hao walikuwa wameshapeana namba za simu.

Kuanzia hapo, kila jioni ni simu.

"Umekula, fundi wangu?"

"Sadini za kuchoma. Wewe?"

"Supu."

"Supu tu? Siku moja upepo utakubeba, nikutafute Hispania."

Ilipofika Septemba, Iolanda, msaidizi kwenye kliniki ya meno, alipata kazi Luxembourg kwa mshahara mnono. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Alimwambia Telmo akitumaini ataambiwa abaki. Telmo akasema, "Uamuzi ni wako, mpenzi." Alidhani hiyo ndiyo heshima. Ulikuwa ujinga, maana Iolanda aliwahi kupoteza miaka na mwanamume aliyemtambulisha kila mahali kama "rafiki", kisha akaoa mwingine. Hakuwa tayari kurudia. Jumamosi hiyo alikuja kwa jambo moja tu: kujua kama Telmo ana nia naye. Asipoiona, anapanda ndege.

Telmo alikuwa amemwalika Almourol, kwenye gofu la ngome lililo juu ya kisiwa cha mawe katikati ya mto Tejo. Watu husema mzimu wa binti wa ngome hutembea humo. Wiki nzima Telmo alikuwa akidhihaki kwenye simu: "Mzimu gani, bwana? Mimi mtu wa injini."

Ukingoni alikuja na shati jeupe lililonyooshwa vizuri, vifungo hadi kooni. Iolanda, kwenye gauni la njano, aliingia mashuani na kumnyooshea mkono. Telmo hakusogea.

"Tangulia. Nitapanda inayofuata."

"Nafasi ipo, Telmo."

"Najua. Tangulia tu."

"Bibie, kaa chini usije ukatuzamisha," alisema Abílio, mwenye mashua. "Na wewe bwana, unapanda hupandi?"

"Sipandi."

Nyuma ya Telmo wanawake wawili wa mtaani kwake walikuwa wakitazama. Iolanda aliwaona, na moyo ukamshuka. Ameona aibu, aliwaza. Yaleyale.

Kisiwani alipanda ngazi zilizomomonyoka kwa hasira. Mawe yalikuwa na joto la jua, upepo ukipiga mbinja kwenye matundu ya kurushia mishale. Simu ikalia.

"Umefika salama?"

"Na Luxembourg nitafika salama pia."

"Iolanda jamani!"

"Unaona aibu kuonekana na mimi. Sema tu, nimezoea."

"Aibu? Nimeamka alfajiri kupiga pasi shati hili!"

"Basi kwa nini hukupanda?"

Telmo alishusha sauti.

"Utanicheka."

"Nikucheke na hasira hizi?"

"Ni maneno ya bibi yangu. Yule binti alivuka na mchumba wake mashua moja, ikapinduka, mwanamume akazama. Tangu hapo ana wivu. Wachumba wakivuka pamoja, anawatenganisha. Baba na mama walivuka mbalimbali. Kaka yangu akabisha, akavuka na mchumba wake."

"Ikawaje?"

"Mwanamke kaolewa na daktari wa ng'ombe."

Iolanda aliuma midomo. "Mtu wa injini!"

"Si nilisema utanicheka?"

"Na hawa wote niliovuka nao, wawili wawili?"

"Mzimu hana habari na wanaopitisha wakati. Shida yake ni wanaotaka kuoana."

Iolanda alisimama ghafla kwenye ngazi.

"Telmo. Hebu rudia."

"Abílio amefika, nakata simu."

"Usikate!"

Akakata. Kutoka juu Iolanda alimwona amekaa wima mashuani, ameshika ukingo kwa mikono miwili kama mgonjwa anayesubiri kung'olewa jino.

Alifika akihema. "Niliposema uamuzi ni wako…"

"Ulisema upuuzi."

"Nilisema upuuzi. Sitaki uende. Baki tuoane. Pete sina, niliogopa nitachagua mbaya."

Moyo wa Iolanda ulikuwa unaruka, lakini alimwambia, "Nitakujibu." Acha atoke jasho kidogo. Wakazunguka gofu wameshikana mikono. Njiwa aliporuka gizani ndani ya mnara, Telmo alipiga yowe, na Iolanda akacheka hadi machozi.

"Twendeni!" Abílio aliita. "Zimebaki nafasi mbili!"

Telmo alitazama mashua, akamtazama Iolanda, akajipa moyo. "Potelea mbali mzimu. Tupande pamoja." Akatia mguu mmoja ndani.

Iolanda alimkamata ukosi, akamvuta nyuma hadi kiatu kikaingia majini.

"Toka hapo! Nikatae kazi Luxembourg halafu ninyang'anywe mume na mzimu? Utapanda inayofuata!"

Akapanda yeye, akaketi, akakusanya gauni lake. "Ondoa mashua, mzee wangu."

Telmo alibaki juu ya jiwe, kiatu kinachuruzika maji, akicheka hadi ndege wakaruka kutoka kwenye mnara.