Mkono wa Komora

Mashavu ndiye aliyeuona mkono kwanza.

Watu wengine walitazama mguu. Mguu wa kushoto wa Komora ulijulikana kutoka Garsen hadi Ozi. Alipopiga mpira wa adhabu, mpira ulipinda kama mkia wa nyoka ukaingia golini. Golikipa alibaki amesimama kama mgeni aliyepotea njia. Lakini Mashavu, akiwa amekaa na wanawake upande wa migomba, aliona jambo dogo. Kabla ya kupiga, Komora aliweka kiganja chini ya kitovu. Alikibonyeza, akauma mdomo, ndipo akapiga.

Vijana wakauona mkono baadaye, wakauita mtindo. Muda si muda kila mtoto aliyepiga mpira wa matambara alishika tumbo kwanza.

Mashavu hakusema kitu. Alikuwa msichana wa maneno machache. Alisoma hadi darasa la nne, kisha mto ukafurika na shamba la mpunga likaenda na maji, naye akarudi nyumbani kumsaidia mama yake kulima upya. Tangu hapo alizungumza zaidi na mtungi wake kuliko na watu. Na hata kama angetaka kusema, wangemwuliza, "Wewe umeuonaje mkono, wakati wenzako wote wanatazama mpira?"

Kijiji chao kilikuwa ng'ambo ya mto, ukitoka Garsen. Siku moja alikuja mgeni kutoka Mombasa, mtu wa timu kubwa ya huko. Alivaa viatu vyeusi vilivyozama matopeni. Alitazama mchezo wa kijiji na majirani wao wa Chara, akauliza jina la kijana wa mguu wa kushoto. Mvua zilipokwisha, Komora akaitwa Mombasa.

Siku ya kuondoka kwake, kijiji kizima kiliteremka hadi kivukoni.

"Mto umemzaa, bahari inamchukua," akasema mama mmoja.

"Kule watamvalisha viatu," akasema Dhadho, kepteni wa timu. "Mguu ule haujui viatu. Watauharibu."

"Akirudi atatusemesha Kimombasa," akasema Godana. Godana alikuwa mfugaji wa Kiorma. Kila asubuhi alileta maziwa kijijini, na siku za mpira hakuondoka hadi mchezo uishe. "Atajifanya hatujui."

"Godana, unalia?"

"Silii. Ni moshi wa lori."

"Lori liko ng'ambo, na halijawashwa."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. Komora akapanda kivuko na kifurushi chake. Wavutaji wakavuta kamba. Maji ya udongo yakaongezeka kati yake na wao. Mashavu alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Alitaka kuinua mkono, lakini mkono ukawa mzito.

Baada ya hapo, honi ya lori iliposikika ng'ambo, wanawake waliacha kutwanga. Vijana walikimbia kivukoni kumwuliza dereva habari za Komora. Mwanzoni habari zilikuja nyingi. Amefunga. Amebebwa mabegani. Kisha zikapungua kama maji ya kiangazi.

"Kwani hachezi?" waliuliza.

"Mara anacheza, mara anakaa," dereva alijibu. "Mombasa wachezaji ni wengi."

Nyuma ya uwanja kulikuwa na ziwa dogo. Zamani mto ulipita hapo, kisha ukahama na kuacha maji yake nyuma. Maji yake yalitulia, yenye majani mengi. Komora alipenda kuoga hapo baada ya mchezo, kwa sababu mtoni kuna mamba. Alipoondoka, vijana wote wakaanza kuoga hapo. Walishuka mchana jua likiwa kali, wakakaa majini muda mrefu, wakisimuliana magoli yake.

"Tunatafuta miguu ya Komora," walisema. "Aliiacha humu."

Godana aliwacheka. "Mmekuwa ng'ombe? Hili si ziwa, ni josho."

Jina likashika. Ziwa likaitwa Josho la Komora.

Fulana ya Komora alipewa Mahmud, kaka yake Mashavu. Kwanza alicheza vizuri. Alishika tumbo kama Komora, akapiga, watu wakashangilia. Lakini miezi ilivyopita, Mahmud alibadilika. Alikimbia nusu ya uwanja akasimama, akihema. Timu ikafungwa na Chara, ikafungwa na Ozi.

"Komora ameondoka na miguu yako pia?" watu walimpigia kelele. "Vua fulana ya watu."

Nyumbani Mahmud alikula kidogo akalala.

"Ni huzuni ya rafiki yake," mama yao alisema. "Mtu akiondoka, huchukua nguvu za wanaobaki."

Mashavu alidhani ni kweli, kwa sababu yeye mwenyewe aliona hivyo moyoni. Lakini asubuhi moja, akienda kukata majani ya mgomba, aliona matone mekundu mchangani. Alidhani mtu amechinja kuku. Kesho yake akayaona tena, na safari hii Mahmud alikuwa ametoka hapo sasa hivi.

"Ni nini kile?" alimwuliza.

"Mambo ya wanaume. Vijana wote wanakojoa hivyo. Ni dalili kuwa umekomaa. Usimwambie mama."

Wakati huo alikuwa kijijini Florence, muuguzi wa hospitali ya Ngao. Alikuja kumtazama dada yake aliyejifungua. Mashavu alimkuta mahali pa kuteka maji, ndani ya uzio wa miti uliojengwa kuzuia mamba. Alijaza mtungi wake, akaumwaga, akaujaza tena. Florence akamtazama.

"Mdogo wangu, mtungi huo una tundu, au una neno?"

Mashavu akainamisha kichwa. "Shikamoo, sista."

"Marahaba. Sema tu. Hapa tuko sisi na mamba."

"Mtu akikojoa damu, ni kweli kwamba amekomaa?"

Florence akaweka ndoo chini. "Nani kakuambia hivyo?"

"Vijana wanasema. Kaka yangu amechoka, sista. Hali chakula. Nimeona damu mchangani."

"Anaoga wapi?"

"Kule nyuma ya uwanja. Wote wanaoga huko."

"Basi sikiliza. Huko si kukomaa. Huo ni ugonjwa, unaitwa kichocho. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai ya mdudu hutoka na mkojo. Mayai yakianguliwa, vijidudu humwingia konokono."

"Wale konokono wadogo wanaokaa kwenye majani?"

"Hao hao. Wanapenda maji yaliyotulia. Ndani yao vijidudu huongezeka, kisha hutoka, hasa wakati wa jua kali. Huvioni kwa macho. Hupenya ngozi hata kama huna jeraha. Mwishowe vinakaa karibu na kibofu. Mtu huchoka. Tumbo la chini linauma. Mkojo unatoka na damu."

"Tumbo la chini," Mashavu alirudia. Akaweka kiganja chini ya kitovu. "Hapa?"

"Hapo hapo."

Mashavu hakuuondoa mkono. Aliuacha pale, akitazama maji yanavyokwenda upande wa baharini.

Jioni hiyo vijana walikuwa uwanjani wakijiandaa kwenda josho. Florence akawaendea. Mashavu akamfuata nyuma. Florence akaeleza yote, taratibu, kama alivyoeleza mtoni. Akasema dawa iko Ngao. Siku hizo ilikuwa sindano, tena nyingi na za kuchosha, lakini mtu alipona. Alipomaliza, Dhadho akajibu kwa adabu.

"Sista, tunakuheshimu. Lakini Komora alioga hapa tangu utoto. Nani alikuwa na nguvu kama Komora? Leo yuko Mombasa. Wewe unasema ziwa hili lina ugonjwa. Sisi tunasema lina miguu."

"Ng'ombe akiingia josho, hutoka bila kupe," akasema Godana. "Nyinyi mnaingia wazima mnatoka na kupe."

"Wewe chunga ndama zako."

Florence akamgeukia Mahmud. "Kesho mtumbwi wangu unarudi Ngao. Nafasi ipo."

Mahmud akatazama fulana yake. "Mchezo wa Chara umekaribia. Nikienda, fulana atapewa mwingine. Mimi si mgonjwa. Nimemkumbuka Komora tu. Sote tumemkumbuka."

Vijana wakaanza kuteremka ziwani. Mashavu akaona mgongo wa kaka yake, jinsi mifupa inavyohesabika chini ya fulana. Akasikia sauti ikitoka, ikawa ni yake.

"Komora alikuwa mgonjwa."

Wote wakageuka. Hakuna aliyewahi kumsikia Mashavu akisema mbele ya wanaume.

"Umesemaje?" Dhadho akauliza.

"Ule mkono haukuwa mtindo. Alikuwa akiumwa. Alibonyeza hapa, akauma mdomo. Hakufanya hivyo uwanjani tu. Alifanya hivyo hata akiwa peke yake, akidhani hakuna anayemwona."

Kijana mmoja akacheka. "Kumbe ulikuwa ukimtazama sana."

Uso wa Mashavu ukawaka moto. Alitaka kukimbia. Lakini Mahmud alikuwa amesimama ukingoni mwa maji, haingii. Mkono wake ulikuwa tumboni.

"Muacheni," Mahmud akasema. "Anasema kweli. Mkono huu nilianza kuuweka kwa mtindo. Siku hizi unakuja wenyewe."

Kijana mwingine akashusha macho. Akasema kwa sauti ndogo, "Na wangu."

Dhadho aliwatazama wachezaji wake, mmoja baada ya mwingine. Kisha akavuta pumzi. "Nenda, Mahmud. Fulana itakungoja. Chara watatufunga, watatusahau, kisha sisi tutawafunga."

Mahmud akaenda Ngao kwa mtumbwi, na wenzake wakamfuata. Sindano zilimtapisha. Alirudi amekonda, lakini mkojo wake ulikuwa safi na macho yake yalikuwa macho ya zamani.

Kijiji nacho hakikukaa bure. Wazee walikataza mtu yeyote kukojoa majini. Vijana walichimba choo karibu na uwanja, mbali na ziwa. Walifunga njia ya josho kwa miba. Maji ya kuoga wakayateka mtoni, mahali yanapokwenda kasi, ndani ya uzio. Waliyaweka katika mapipa yaliyofunikwa, yakakaa siku mbili kabla ya kutumiwa, kwa sababu Florence aliwafundisha kwamba vijidudu vya kichocho vikikosa ngozi ya mtu kwa muda huo hufa. Kwa maji ya kunywa aliwahimiza wachemshe.

"Na Komora?" Mashavu alikuwa amemwuliza Florence kabla mtumbwi haujaondoka. "Nani atamwambia Komora?"

Walimwambia dereva wa lori. Mashavu mwenyewe alivuka na mama yake, akasimama karibu na gurudumu, akasema maneno aliyoyarudia moyoni usiku kucha. "Mwambie aende hospitali. Aseme kichocho. Aseme anatoka Tana."

Dereva akaondoka. Miezi ikapita. Mpunga ukachanua, ukavunwa. Kila honi ilipolia, mchi wa Mashavu ulisimama hewani. Kisha habari zikaja. Komora alikuwa amewekwa nje ya timu. Wenye timu walidhani ni mvivu. Alipopata ujumbe alikwenda hospitali, akakutwa na kichocho. Sasa amepona, na anacheza tena.

Idi ilipofika, akaja mwenyewe.

Alikuwa amenenepa kidogo. Viatu vyake alivibeba mkononi. Godana alimwangalia juu mpaka chini. "Angalau miguu umerudi nayo."

"Na wewe bado kuna moshi machoni?" Komora akamjibu, na watu wakacheka hadi machozi.

Alicheza na timu ya nyumbani dhidi ya Chara. Ukapatikana mpira wa adhabu. Uwanja mzima ukatulia, ukingoja mkono. Mkono haukuja. Ulining'inia tu, mwepesi. Komora akapiga, mpira ukagonga mlingoti, Mahmud akafika mbio akaumalizia ndani. Kelele zilisikika Garsen.

Baada ya mchezo, Komora alielekea ziwani kwa mazoea. Akakuta miba.

"Josho limefungwa," Dhadho akamwambia, akampa kata ya kuchotea maji. "Mapipa yako kule."

Kesho yake aliondoka. Mapema, kabla watu hawajajaa, Mashavu alikuwa mtoni akiteka maji. Kivuko kilikuwa bado upande wa pili. Komora akateremka na kifurushi chake, akasimama karibu na uzio.

"Mashavu," akasema. "Dereva aliniambia ni nani aliyemtuma."

Mashavu alijaza mtungi. Ulikuwa umeshajaa.

"Nilikuwa nikiificha sana ile hali," Komora akaendelea. "Hata mama yangu hakujua. Watu wote walikuwa wakitazama mguu. Ilikuwaje wewe ukautazama mkono?"

Ng'ambo, wavutaji wakashika kamba. Kivuko kikaanza kuja, polepole, kikikata maji ya udongo. Mashavu alikitazama. Mara ya kwanza kilipomchukua Komora, alishindwa hata kuinua mkono. Akautua mtungi chini.

"Mimi sikuwahi kuja uwanjani kutazama mpira, Komora," akasema. "Nilikuja kukutazama wewe."